Cheti cha Sumukuvu na Kikomo Chake

Cheti cha maabara kikisema tu kwamba sumukuvu "haikuonekana" katika mahindi yako, kirudishe. Haikuonekana kuanzia kiasi gani? Viwango vya Afrika Mashariki vinataka aflatoksini B1 isizidi mikrogramu 5 kwa kilo. Kipimo kinachoanza kuona kwenye 8 hakina la kusema juu ya hiyo 5. Nchini Kenya mwaka 2004, hasa Makueni na Kitui, sumu hii iliua watu 125. Kwa hiyo swali hili si la ushindani wa wataalamu.

Ukipewa kikomo cha ugunduzi, yaani kiasi ambacho kipimo huanza kukiona, uliza kilikotoka. Mimi huanza na sampuli tupu, kwa sababu ndipo ufundi unapojulikana. Mchanganuzi hodari hutafuta mahindi yasiyo na sumu, akayasaga, akayachanganya na methanoli, akayachuja, akayapitisha katika kila hatua kama ya mteja. Mvivu huingiza methanoli safi mashineni, basi. Lakini mahindi yana mafuta na rangi zinazoitikisa mashine hata sumu isipokuwepo, na kikomo hupatikana kwa kupima mtikisiko huo. Methanoli safi hutoa kikomo kidogo cha kupendeza, kisicho cha mahindi. Kikomo kidogo mno hunitia shaka kuliko kikubwa.

Tazama pia marudio. Kwa uchafuzi wa maji, kanuni ya Marekani hudai sampuli zisizopungua 7, zilizoandaliwa na kupimwa kwa tarehe 3 tofauti. Zikiwa 7, mkengeuko sanifu wa matokeo yake huzidishwa kwa 3.143 ili kupata kikomo. Sharti la tarehe nalipenda sana: vipimo vya asubuhi moja hufanana kupita kawaida.

Jambo linalowapotosha hata wazoefu alilinyoosha mwanakemia Lloyd Currie mwaka 1968. Mstari wa kuamua "ipo" si kikomo cha ugunduzi. Sampuli yenye kiasi kilicho sawasawa na mstari huo itakosekana takriban nusu ya mara, maana vipimo hupanda na kushuka. Kikomo lazima kikae juu zaidi: kwa hesabu yake, mstari huwa mikengeuko 1.645 juu ya tupu, kikomo 3.29. Na kutaja kiasi kwa uhakika kunahitaji kama 10. Maabara inayoandika "1.37" karibu kabisa na kikomo chake imeandika desimali isizozipima.

Mwisho, uliza waliochota mahindi walichota wapi. Sumukuvu hujikusanya katika punje chache, na konzi moja ya juu ya gunia huweza kuzikosa zote.