Manamba, Nguvukazi na Mtoro: Lugha ya Utafiti juu ya Wafanyakazi wa Rukwa

Wataalamu waliochunguza maisha ya wafanyakazi wa nchi yetu wametuachia kazi kubwa, nasi twawiwa nao shukrani. Walakini jambo moja halijapimwa vya kutosha, nalo ni lugha waliyoitumia. Neno likiisha kukaa katika utafiti huingia katika hesabu za serikali, na kutoka katika hesabu huingia katika sera. Nia ya makala haya ni kutazama maneno machache ya namna hiyo na kuuliza yametoka upande gani: upande wa aliyefanya kazi, au upande wa aliyeshika daftari. Mahali pa kuyapimia ni Muze, katika bonde la Ziwa Rukwa, chini ya ukingo wa Lyamba lya Mfipa, ambako Sumbawanga na uwanda wa Ufipa viko juu yake.

Kutoka huko hadi mashamba ya mkonge ya Tanga ni safari ya kuvuka nchi nzima. Mkonge uliletwa na Richard Hindorf mwaka 1893. Kodi ya nyumba ilianza kutozwa na Wadachi mwaka 1898, na mtu asiye na fedha ikambidi azitafute. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda SILABU, ofisi ya kuandikisha watu wa majimbo ya mbali na kuwasafirisha hadi mashambani. Wafipa walikuwamo miongoni mwa waliokwenda.

Kitabu kinachofaa kuanziwa ni kile cha Walter Rodney, Kapepwa Tambila na Laurent Sago, kilichotolewa Hamburg mwaka 1983, juu ya watu waliohama makwao kufanya kazi ya mkonge wakati wa ukoloni. Uchunguzi wa namna hiyo umetufunza jambo moja kubwa: mshahara wa shambani uliweza kuwa mdogo kwa sababu haukumlea mfanyakazi. Kijiji ndicho kilichomlea tangu utoto, kikawalisha mkewe na wanawe alipokuwa mbali, kikampokea aliporudi mgonjwa au mzee. Lakini tazama mifano ya lugha iliyochaguliwa. Tambila aiita Tanga sumaku ya vibarua. Sago aiita Kigoma hodhi lao. Sumaku huvuta chuma, na chuma hakina shauri. Hodhi hukaa limejaa maji, likimngoja mwenye bomba afungue. Basi hoja yasema kwamba kijiji kililipa sehemu ya gharama, na mfano wasema kwamba kijiji kilikuwa ghala. Aghalabu msomaji husahau hoja akabaki na mfano.

Mfano huo hauielezi Ufipa. Hii ni nchi ambayo watu wake waliyeyusha chuma katika tanuri ndefu za udongo, wakakifua wenyewe. Ni nchi ya ntumba, yale matuta ya mviringo ambayo ndani yake hufukiwa majani ili yawe mbolea, na kilimo hicho chataka mikono mingi. Mtu mzima alipokwenda Tanga, kazi yake ya nyumbani haikukoma. Ilimwangukia mwingine, mke au mtoto au mzee, naye hodhi halimwonyeshi. Tena mtu wa Rukwa alikuwa na njia zaidi ya moja: palikuwa na dhahabu ya Lupa tangu miaka ya 1920, na migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini. Anayelinganisha njia ana shauri lake, hata kama kodi imemsukuma. Yafaa kukumbuka kwamba Tambila huyo huyo, katika tasnifu yake ya mwaka 1981 juu ya historia ya Rukwa, aliianza habari nyumbani. Tofauti ya sura hizo mbili yatokana na mahali aliposimama mwandishi alipotazama.

Sasa tuyatazame maneno ya shambani. Manamba ni neno litokanalo na namba aliyopewa kila aliyeandikishwa, na hata leo lina dharau ndani yake. Kipande kilikuwa kadi ya siku 30: kila kazi ya siku iliyokamilika ilitiwa alama, na mshahara wa mwezi ulipatikana kadi ilipojaa, hata kama siku hizo zilichukua zaidi ya mwezi mmoja. Kibarua ni barua ndogo, yaani cheti, na jina la cheti likawa jina la mtu. Lakini mfanyakazi mwenyewe aliligeuza. Asemapo, “Nimepata kibarua,” kibarua ni kazi, naye amebaki mtu. Mabadiliko madogo kama haya ya maana ni ushahidi, na mtafiti asiyeyaandika ameacha nje sauti ya yule anayemchunguza. Nguvukazi, neno la sera za siku hizi, lina upungufu ule ule: lataja nguvu likamwacha mwenye nguvu.

Neno mtoro lina safari ndefu zaidi. Pwani lilimtaja mtumwa aliyemkimbia bwana wake; mashambani likamtaja kibarua aliyeacha mkataba; leo ni jina la mtoto asiyehudhuria shule. Sera zimebadilika mara nyingi. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka shule ya msingi iwe elimu kamili kwa wale wengi ambao hawangeendelea, na kazi iwe sehemu ya masomo. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilileta elimu ya msingi kwa wote, iliyoanza mwaka 1977. Ada za sekondari za serikali ziliondolewa hadi kidato cha nne mwaka 2016, na toleo la 2023 la sera ya elimu limeweka miaka 10 ya elimu ya lazima. Daftari la shule limezidi kupanuka, lakini asiyekuwamo angali mtoro. Mtoto wa bondeni anayetumwa kuamia ndege katika mpunga yuko kazini, na daftari laona pengo tu. Sisemi aachwe shambani. Nasema kwamba neno mtoro lamwita mgambo, hali neno jingine lingetufanya tuulize kazi hiyo ni ya nani na itafanywa na nani mtoto akiwa darasani.

Huenda mtu akasema kwamba istilahi ni chombo tu. Kathleen Smythe, katika kitabu chake cha mwaka 2006 juu ya familia za Nkansi na wamisionari, ameonyesha faida ya kuanza na malezi jinsi wenyewe wanavyoyaeleza. Bonde la Rukwa lahitaji uchunguzi wa namna hiyo, na maneno ya wasimulizi yaandikwe kama yalivyotamkwa, kwa Kifipa na kwa Kiswahili, kabla ya kupewa istilahi. Wakati umebaki mchache. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1960 amekwisha kupita 80, na maneno aliyoitia kazi yake hayamo katika daftari lo lote la Tanga.