Bwana wa Gereza la Manus: Uhakiki wa Kitabu

Kitabu cha Behrouz Boochani, No Friend But the Mountains (Picador, 2018), kiliandikwa kifungoni kwa ujumbe wa simu. Mwandishi, mwanahabari Mkurdi kutoka Iran, alivuka bahari mwaka 2013 kuomba hifadhi Australia, akapelekwa kisiwani Manus, Papua New Guinea. Huko namba MEG45 ilichukua mahali pa jina lake. Omid Tofighian alikifasiri kitabu kutoka Kiajemi. Januari 2019 kilipopewa Tuzo ya Fasihi ya Victoria, mtunzi alikuwa angali amezuiliwa Manus.

Kiini cha kitabu si vipigo bali foleni: ya chakula, ya choo, ya simu. Wafungwa walichora ubao wa mchezo mezani, vifuniko vya chupa vikawa kete. Walinzi wakauharibu na kuandika kwamba michezo ni marufuku. Mfungwa mmoja aliomba kumpigia simu baba yake aliyekuwa akifa, akakataliwa kwa kuwa zamu yake haijafika. Kila mlinzi husema ameagizwa na mkubwa wake, naye mkubwa ana mkubwa wake.

Utaratibu huo kitabu kinaupa jina litokanalo na neno la Kigiriki kyrios, yaani bwana. Istilahi hiyo ilibuniwa na mwanateolojia wa Agano Jipya, Elisabeth Schüssler Fiorenza. Hapa hatuna budi kutulia, kwani kwa neno hilo hilo twakiri kwamba Yesu ni Bwana.

Wapo watakaotaja Warumi 13, na kwamba ukali ule ulikusudiwa kuzuia watu wasizame. Hoja hiyo si ya kubezwa. Boochani mwenyewe nusura afe maji. Lakini kumtesa aliyeokoka ili kumtisha ambaye hajasafiri ni kumgeuza mtu kuwa chombo. Aidha, Ungamo la Augsburg, kifungu cha 16, linapofundisha utii kwa serikali, linaweka mpaka: isipokuwa inapoamuru dhambi. Tena sheria yenyewe ilinena: Aprili 2016 Mahakama Kuu ya Rufani ya Papua New Guinea iliamua kwamba kifungo hicho kinakiuka katiba.

Kitabu kina upungufu. Wenyeji wa Manus wanabaki pembeni, ilhali nao walitwikwa mzigo wasiouomba. Lakini lakabu walizopewa wafungwa, ambazo mwanzoni zaonekana kama dhihaka, zina kazi yake. Yule aitwaye Jitu Mpole tunalisikia jina lake halisi anapouawa katika ghasia za Februari 2014. Ndipo msomaji anapotambua kwamba alikuwa akimhesabu tu.

Jambo hili si la Pasifiki peke yake. Mwaka 2022 Uingereza ilipatana na Rwanda kuwapeleka huko waomba hifadhi. Mahakama ya Juu ya Uingereza ikaona mpango huo ni haramu mwaka 2023, nayo serikali mpya ikauacha mwaka 2024. Wazo la kumlipa jirani akufichie mgeni wako limekwisha kufika kwetu. Mchungaji atakayehubiri Warumi 13 na akisome kitabu hiki kabla ya kupanda mimbarani.