Kuyajua Makadirio Mazuri ya Mwendo Mlimani

Ukitaka kumpima kiongozi wa safari za mlimani, muulize mtatembea saa ngapi hadi kambini. Akikutajia kilomita tu, bado hajakujibu.

Msingi wa hesabu. Mwaka 1892 mpanda milima wa Scotland, William Naismith, alitoa kanuni inayotumika hadi leo: saa 1 kwa kila kilomita 5, na saa 1 zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Kutoka lango la Machame, Kilimanjaro, hadi kambi ya kwanza ni kama kilomita 11 na mita 1,200 za kupanda. Kanuni inakupa saa 4 na ushee. Wengi hutumia 5 hadi 7, kwa sababu ya utelezi, mizizi na mizigo. Kanuni ni pa kuanzia tu.

Kila kilima kihesabiwe. Kwenye mlima huohuo, kambi za Barranco na Karanga ziko karibu usawa mmoja, kwenye mita 4,000 hivi. Anayelinganisha mwanzo na mwisho atadhani njia ni tambarare. Kumbe unapanda ukuta wa Barranco kwa mikono na miguu, unapanda na kushuka mabonde, kisha unateremka bonde la Karanga na kulikwea upande wa pili. Kilomita 5 hivi hula saa 4 au 5.

Hewa nayo ina bei yake. Kutoka kambi ya Barafu hadi kilele cha Uhuru, mita 5,895, kanuni inasema saa 3. Watu hutumia 6 hadi 8. Wanatembea gizani, changarawe inawarudisha nyuma, na kileleni kila pumzi ina karibu nusu tu ya oksijeni inayopatikana pwani.

Kundi huenda kwa mwendo wa aliye nyuma. Kiongozi hodari hukuuliza juu ya goti lako na usingizi wako kabla ya kutaja muda.

Jibu lililoiva huwa na pande mbili na mpaka: “Saa 6 kukiwa kukavu, 8 mvua ikinyesha. Saa mbili asubuhi ikitukuta hatujafika Stella Point, karibu na kilele, tunageuka.” Mkishatembea saa ya kwanza, muulize tena. Anayeijua kazi atakuwa ameshayarekebisha makadirio yake kwa mwendo aliouona.