Mnyororo wa Mkunazini na Ahadi ya Mwanjelwa

Sanamu za watumwa alizozichonga Clara Sörnäs mwaka 1998, pale Mkunazini, Unguja, zina mnyororo shingoni. Washairi wetu, nami nikiwamo, tumeuzoea mnyororo huo: tukitaja utumwa, vina hukimbilia pingu na majahazi. Kwa soko lililofungwa mwaka 1873, taswira hiyo ni ya haki. Kwa utumwa wa leo, inatupofusha.

Binti anayechukuliwa kwa hila kutoka Mwanjelwa, Mbeya, apelekwe Dar es Salaam kufanya kazi za ndani, hafungwi pingu. Hupanda basi kwa miguu yake, mama akimpungia mkono, kwa kuwa ameahidiwa shule au cherehani. Akifika, mshahara huambiwa “unawekewa”, geti hufungwa, na nauli ya kurudi hana. Sheria ya mwaka 2008 ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu imekwisha kuutaja udanganyifu miongoni mwa njia za kosa hilo. Watunzi tumeachwa nyuma na sheria.

Kinachomfunga binti huyu ni neno: “Nitamlea kama mwanangu.” Nasi mafundi wa maneno tumelinyamazia. Atakayetunga juu ya utumwa na aanze na ahadi hiyo. Mnyororo auache Mkunazini, mahali pake.