Salamanda wa Mlima Elgon

Picha iliyokuwa ikiongoza kwa kura katika shindano letu ilikuwa ya mnyama ambaye Kenya hayupo. Salamanda. Umbo la mjusi, ngozi laini ya chura, rangi ya chungwa yenye madoa meusi, amekaa juu ya jani lenye umande na nyuma yake ukungu wa mlima. Maelezo yake yalikuwa mafupi: "Mlima Elgon, asubuhi." Wacha niseme ukweli: kama singekuwa mmoja wa waandalizi, ningeipigia kura pia.

Salamanda wa Afrika wanaishi kaskazini mwa Sahara: Moroko, Aljeria na Tunisia. Kusini mwa jangwa hilo hakuna hata mmoja. Sisi tuna vyura, na tuna wale jamaa zao wasio na miguu wanaofanana na nyungunyungu, kama yule wa milima ya Taita ambaye mama huwalisha watoto wake ngozi yake mwenyewe. Salamanda wa Mlima Elgon alikuwa ametengenezwa na akili unde. Aliyetuma, tulipompigia simu, alicheka tu: "Lakini si ni msupa?" Ni kweli, alikuwa msupa. Na hapo ndipo shida yote ilipoanza, kwa sababu kanuni zetu zilisema picha bora itashinda, lakini hakuna mahali tulipokuwa tumeandika bora ni nini.

Wazo lenyewe lilitoka mbali. Binamu yangu ni muuguzi Ujerumani, na huko mwenzake kazini ana kalenda ya salamanda iliyotengenezwa na watu wanaowapenda wanyama hao: kila mwezi picha moja, kila picha imepigwa na mmoja wao. Binamu alinitumia kurasa chache kwa simu kama kichekesho. Mimi nikaziangalia usiku kucha. Huku kwetu kalenda ya ukutani ni ya kanisa, ya sacco, ya agrovet au ya mheshimiwa anayetafuta kura, na ikiwa ina mnyama, ni simba. Simba wa Mara ananing'inia kwenye duka la misumari Kiminini, ambako mwenye duka hajawahi kumwona simba hata siku moja, lakini vyura wanampigia kelele nyuma ya duka kila mvua ikinyesha. Tukiwa watu saba, baadhi Kitale na baadhi Bungoma, tulikubaliana kutengeneza kalenda ya vyura. Picha zingetoka kwa yeyote mwenye simu.

Sina cheti cha upigaji picha wala cha zuolojia. Chuo niliacha mwaka wa pili. Kwa hivyo chukua maoni yangu kama ya mtu aliyeangalia picha mia moja na kitu za vyura kwa wiki tatu, mpaka akaanza kuwaota.

Nianze na picha tulizozitarajia, maana zilikuwa nyingi. Chura mdogo wa matete kwenye ua la waridi, nyuma giza tupu, macho yanang'aa kama vito. Tunaijua picha hii hata kabla hatujaiona, kwa sababu tumeiona ikifanywa mara elfu na watu wa nchi nyingine. Kitu kinachonisumbua ni lile giza. Giza la nyuma linaondoa mahali. Chura huyo angeweza kuwa Bungoma, Borneo au studio. Na chura wa matete akikalia waridi, jua kuna mkono uliomweka pale. Mpiga picha hakuficha: alimweka kwenye friji dakika kumi ili atulie. Alitueleza kama mpishi anavyokupa siri ya pilau.

Jamaa huyu si mtu mbaya. Alijifunza mahali. Dunia imejaa picha za vyura walioshika jani kama mwavuli au waliopanda migongo ya mamba, nyingi zikitoka Indonesia, na wapiga picha wengi wamelalamika kwamba zimepangwa na zinawatesa wanyama. Hata shindano kubwa la Wildlife Photographer of the Year la London, lililoanza mwaka 1965, lilinaswa: picha moja iliyoshinda mwaka 2017, ya mnyama mla mchwa huko Brazili, iliondolewa mwaka 2018 baada ya uchunguzi kuonyesha kwamba karibu hakika mnyama huyo alikuwa amekaushwa na kujazwa. Kama waamuzi wale wenye vyeti vyao walidanganywa, sisi watu saba wa Kitale na Bungoma ni nani?

Lakini chura ana sababu moja zaidi ya kutoshikwashikwa. Anapumua pia kupitia ngozi, na ngozi hiyo ndiyo mlango wa ugonjwa. Kuna kuvu, iliyoelezwa kisayansi mwaka 1999, ambayo imewaangamiza vyura katika mabara kadhaa. Nyingine, iliyoelezwa mwaka 2013, inawaua salamanda wa Ulaya, hao hao wa kalenda ya Ujerumani. Mkono unaomhamisha chura kutoka dimbwi hadi ua unaweza kuhamisha kuvu pia. Kwa hivyo tuliongeza kanuni ya kwanza: usimguse. Picha ya waridi ikatoka. Mwenyewe alikasirika, akahama kikundi cha WhatsApp, kisha akarudi baada ya siku nne bila kusema kitu.

Picha ya pili ninayotaka tuiangalie ni mbaya. Naisema hivyo kwa heshima. Imepigwa Bungoma, usiku, langoni mwa nyumba ya kupanga, chini ya ile taa ya ulinzi. Ni msimu wa kumbikumbi. Chura mkubwa wa magamba-magamba, wale tunaowakimbia tukiwa wadogo tukiambiwa watatutemea sumu, ameketi katikati ya mabawa yaliyodondoka, tumbo limemjaa, na bawa moja limemning'inia mdomoni. Pembeni kuna ncha ya ndala ya mtu. Picha imetikisika kidogo. Rangi ni ya manjano kama uji wa wimbi uliokosa maziwa. Ilipata kura chache sana.

Hapa nilifanya kitu ambacho ningemshauri mwamuzi yeyote wa kalenda afanye. Nilichapisha picha kumi na sita kwenye saiba, nyeusi kwa nyeupe, nikazibandika ukutani juu ya kitanda. Picha ya mtandaoni inaishi sekunde mbili, unaipa moyo na kidole kinaendelea. Ya kalenda inakaa siku thelathini. Unaiona ukipiga mswaki, ukigombana kwa simu, ukisubiri ugali uive. Ya waridi ilinichosha siku ya tatu. Ilikuwa imeniambia kila kitu mara ya kwanza. Ya langoni iliendelea kunipa vitu. Siku ya tano niligundua kwamba kuna chura wa pili kivulini. Siku ya nane nikaanza kujiuliza kuhusu ile ndala: mwenye mguu alisimama tu akatazama, au alikuwa anataka kumpiga teke? Picha haisemi. Ndiyo maana nilirudi kuiangalia.

Kwa hivyo nina kipimo, kikubali au ukikatae: picha nzuri ya mnyama wa jirani ni ile inayokuonyesha jirani. Watu wa Comedy Wildlife, shindano lililoanzishwa mwaka 2015 na wapiga picha wawili, mmoja wao mkazi wa Tanzania, walielewa jambo la karibu na hilo: si lazima mnyama awe mtukufu ndipo tumwangalie. Wao huchagua kicheko. Sisi tulichagua ujirani. Hata hivyo nakubali kicheko kina kazi yake. Kwa wenzangu wengi neno "chura" bado linaleta kwanza wimbo wa Snura wa mwaka 2016, ule ambao video yake ilipigwa marufuku Tanzania. Shindano letu lilitaniwa wiki nzima kwa sababu ya wimbo huo, na matani hayo yalituletea nusu ya picha tulizopata.

Kanuni ya pili ilitoka Makumbusho ya Kitale. Yalifunguliwa mwaka 1974, yakianzia kwenye mkusanyiko wa Stoneham, mzungu aliyekuwa akikusanya wadudu na wanyama kwa miaka mingi. Sipendi kila kitu kuhusu watu wa aina yake. Walichukua bila kuuliza. Lakini mkusanyaji makini alikuwa na tabia moja ambayo sisi wenye simu tumeipoteza: lebo. Mahali, tarehe, nani aliokota. Bila lebo, mdudu aliyekaushwa ni pambo tu. Tukaamua kila picha ije na lebo yake: wapi, lini, ulikuwa unafanya nini. Na ije kama faili kamili, maana WhatsApp huibana picha na kuifuta taarifa zake za ndani. Ukitaka kuchapisha ukurasa wa A3 bila ukungu unahitaji takriban pikseli 3,500 kwa 5,000, si kile kipande kinachotoka kwenye status.

Lebo zilibadilisha shindano kuliko kanuni nyingine yoyote. Salamanda alianguka mwenyewe, kwa sababu mashine haina "ulikuwa unafanya nini". Na picha za kawaida zikasimama. Kuna viluwiluwi ndani ya jerikeni la manjano, na lebo ya mama mmoja wa upande wa Chwele: "Nilikuwa nachota maji ya chai. Niliyarudisha kisimani." Kuna chura wa matete, mdogo kama ukucha wa kidole gumba, juu ya jani la napier karibu na Saiwa, ile mbuga ya taifa ndogo kuliko zote Kenya ambayo watalii huenda kumtafuta nzohe. Lebo ya kijana aliyeipiga: "Nakata majani ya ng'ombe. Nikaruka jani hili." Isome tena hiyo sentensi ya mwisho. Hiyo ndiyo uhifadhi ninaouelewa, mtu ameruka jani moja.

Sasa nifike kwenye ugomvi. Picha moja tulikuwa tumeitupa mapema kwa sababu haikuwa na chura. Ilionyesha mawe meusi yaliyolowa na maji yanayokimbia, Mto Koitobos, unaoteremka Elgon kuelekea upande wa Trans Nzoia. Lebo: "Nilikaa saa mbili. Sikuona chura."

Mwalimu wa sayansi aliyekuwa kati yetu ndiye aliyetueleza tulichokuwa tumekitupa. Mwaka 1935 Arthur Loveridge alimpa jina la kisayansi chura wa vijito vya kasi kutoka mto huo huo: Arthroleptides dutoiti. Anajulikana kutoka Elgon tu. Mara ya mwisho kuonekana ni mwaka 1962. Shirika la IUCN limemweka kwenye kundi la walio hatarini kabisa, huenda ameshatoweka. Wametafuta, hawajampata.

Mmoja wetu akasema, bila ubaya wowote, kwamba kumbe tunaweza kumtengeneza kwa akili unde. Maelezo ya umbo lake yapo, mashine itamchora vizuri, watu wamjue. Nilinyamaza kwanza, kwa sababu lilikuwa wazo zuri la kuuza kalenda. Kisha nikafikiria chura wa Kihansi kule Tanzania. Aligunduliwa mwaka 1996 kwenye manyunyu ya maporomoko, bwawa la umeme likapunguza maji, na mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Waliobaki walikuwa wamehifadhiwa Marekani, na mwaka 2012 uzao wao ukaanza kurudishwa. Waliorudishwa walitokana na vyura wa kweli, waliokamatwa wakiwa hai kwa sababu watu walijua wanapungua. Ukijaza pengo kwa picha ya kupendeza, nani atajua kuna pengo? Mtu ataona chura wa Koitobos ukutani, ang'aavyo, na atalala akijua yupo salama huko juu.

Tulipiga kura, wanne dhidi ya watatu. Ukurasa wa Aprili, mwezi wa mvua, ni mawe na maji na ile lebo. Wale watatu waliuliza nani atanunua kalenda ya mawe, na sina jibu. Ikitudodea, watakuwa wameshinda hoja. Aliyepiga picha hiyo, kijana wa bodaboda wa Endebess, alidhani tunamtania tulipompigia.

Tulipoichapa, ya kwanza niliipeleka Kiminini, kwa mzee wa duka la misumari. Alimwondoa simba, akatundika yetu, kisha akaanza kufunua miezi mmoja mmoja akitabasamu. Kwa Aprili akasimama.

"Sasa kijana wangu, hapa chura yuko wapi?"

Nikamweleza, nikamtajia mwaka 1962.

"Hata uhuru ulikuwa bado," akasema. Akainama karibu na karatasi, akaanza kumtafuta kati ya mawe.