Pindo la Gari

Mwanamke wa hapa kwetu Ngamiani akitaka kuijua khanga haanzi na katikati yake. Huishika pindo. Mji wa khanga waweza kujaa maua na korosho za kupendeza, na jina lake likawa la kukata maini, lakini pindo likienda upande, khanga hiyo hurudishwa juu ya meza ya mwenye duka bila maneno mengi. Nimeanza na khanga, ndugu msomaji, kwa sababu nataka kusema juu ya gari, na sikupata kipimo kingine cha kulipimia.

Vijana wetu siku hizi wapo wasiopaka magari yao rangi, huyavalisha. Hununua plastiki nyembamba yenye gundi upande mmoja, ambayo huja imeviringwa kama jamvi, upana wake mita moja na nusu hivi, wakaibandika juu ya bati tangu boneti hadi buti, na gari lililolala jeupe likaamka kijivu. Wenyewe huiita stika. Kazi hiyo ina mafundi wake wenye vyumba safi na taa kali, lakini wapo pia wanaoifanya nyumbani, uani, penye kamba za kuanikia nguo. Na kwa kuwa ni kazi ya kutazamwa, ambayo mitaani petu husifiwa au kulaaniwa na watu wasioinama, nimeona niinamie nami, niihakiki kama watu wanavyohakiki vitabu.

Gari ninalolihakiki ni Datsun 120Y la marehemu kaka yangu. Alilifanya teksi, akaliendesha kati ya sokoni, stesheni na Raskazone kwa miaka mingi, wakati ambapo mtu mwenye teksi Tanga alijulikana kwa jina na kwa honi. Lilipakwa rangi mara tatu mikononi mwake: mara ya kwanza njano, kisha buluu, na mwisho rangi ya maziwa. Juu ya buti mwandishi mmoja wa vibao alimwandikia kwa brashi MPAJI MUNGU, herufi nyekundu zenye kivuli cheusi, rangi ya mafuta nzito kama ya milango. Kaka alipofariki gari lilisimama uani chini ya turubai. Shemeji hakutaka liuzwe, na hakuna aliyemwuliza mara ya pili.

Mwanawe, ambaye kwa desturi zetu ni mwanangu, alipokaribia kuoa alitaka kumbeba bibi harusi katika gari la baba yake. Haki yake. Akanijia baada ya magharibi, akaketi barazani.

“Shikamoo, ba’mdogo. Fundi anasema akilipaka rangi atalipiga msasa lote, mpaka kwenye bati. Yale maandishi ya baba yatakwenda. Nikilivalisha stika, yatabaki chini.”

Mama yake alikuwa ndani anakuna nazi. Hakutoka, lakini nilisikia mbuzi imenyamaza.

Sina budi kukiri kwamba mimi ni mtu wa rangi. Naipenda harufu yake na subira yake. Zamani gari lilipakwa kwa brashi, tabaka juu ya tabaka, na kungoja likauke ilikuwa kazi ya majuma. Kampuni ya DuPont ya Marekani ilipoitoa rangi yake ya Duco mwaka 1923, ambayo hupulizwa na kukauka kwa muda wa saa, ndipo magari ya watu wa kawaida yalipoanza kupata rangi nyingi kwa bei ndogo. Ufundi huo ulifika hata chini ya miembe yetu, na kompresa yake, na thina yake, na puti ya kujazia mabonde. Lakini mpenzi wa jambo asifumbe macho. Rangi nyingi za siku hizi zinazochanganywa na dawa ya kukazia huwa na kemikali ziitwazo aisosayaneti, ambazo huweza kumtia mpulizaji pumu isiyomtoka. Penye kazi iliyopangwa vizuri, fundi huvaa kifuniko cha uso chenye mpira wa kumletea hewa safi. Fundi aliyepaka Datsun hili mara zote tatu alijifunga shati puani. Sasa anakohoa akipanda ngazi mbili. Mimi si daktari, nasema niliyoyaona. Kwa hiyo, nilipomtazama yule kijana na plastiki yake isiyotoa moshi wala vumbi la rangi, ulimi uliokuwa tayari kulaani ukawa mzito.

Kadhalika nilijifunza jambo ambalo wauzaji wa stika hawalitangazi. Huko Ujerumani kwa miaka mingi teksi zilitakiwa kuwa na rangi moja ya pembe ya ndovu, na teksi yenye rangi hiyo ikichoka huwa shida kuiuza kwa mtu binafsi. Wenye teksi wakaona heri wanunue gari la rangi yoyote, walivalishe plastiki ya rangi ya teksi, na siku ya kuuza waibandue. Basi hilo lilikuwa vazi la kazi, lenye kuvaliwa likavuliwa, na heshima yake yote imo katika kuvuliwa kwake. Hapa kwetu huuzwa kama dawa ya ubaya. Gari limechubuka? Livalishe. Limeota kutu? Livalishe. Hapo ndipo uongo unapoingia, maana plastiki ambayo unene wake hauzidi sana sehemu moja ya kumi ya milimita haifichi kitu. Kila chembe ya mchanga chini yake huwa kipele. Kila kovu huonekana kovu. Na kutu, ikisha kufunikwa, haina haja ya kuona haya tena.

Sasa niseme juu ya kazi yenyewe. Aliifanya kwa usiku nne, baada ya isha, kwani mchana bati la Tanga huwa na moto ambao gundi ikiligusa tu hung’ang’ania, haikupi nafasi ya kunyanyua na kurudia. Alimwaga maji uani kulaza vumbi. Akaliosha gari kwa sabuni, akalifuta kwa spiriti, akalifuta tena. Vyombo vyake vilikuwa draya ya nywele ya dada yake, kibao cha plastiki alichokivisha kitambaa, na wembe. Nami nilishika ncha nilipoambiwa nishike.

Paa ni kazi bora. Kipande kimoja, mikono minne, kikashuka polepole kama shuka juu ya kitanda kipana, naye akaisukuma hewa kutoka katikati kwenda kandoni bila kuacha lengelenge hata moja. Asubuhi niliposimama juu ya ngazi nikalitazama, nilifurahi kama mtu aliyesoma ukurasa usio na neno la ziada. Mlango wa nyuma wa kushoto una mkunjo mdogo uliolala, kwa kuwa umeme ulikatika kibao kikiwa katikati. Huo siuhesabu, ni alama ya usiku ule.

Mashimo yanayozunguka taa za mbele ni kazi mbovu. Plastiki hii ina kumbukumbu. Ukiivuta mpaka ikaingia bondeni, itakaa kwa muda kwa adabu, kisha itarudi ilikotoka, ila ukiipasha moto mkali baada ya kuibandika, zaidi ya ule wa kuilainisha, ndipo husahau umbo lake la zamani. Draya ya nywele haina moto huo. Juma la pili ikainuka kila bonde ikawa kama ngozi ya ngoma. Nilimwambia. Akanijibu kwamba mafundi wa kweli wana mashine ya kupuliza hewa ya moto, na yeye hana. Jibu la haki, lakini mhakiki huhakiki kilichopo.

Rangi yenyewe, kijivu kisichong’aa, siipendi, na sababu yangu ni mahali. Mji wetu una chumvi hewani na vumbi barabarani. Kisichong’aa hakipigwi nta wala hakisuguliwi kikang’aa. Hushika alama ya kila kidole, na watoto wa Ngamiani wana vidole. Kadi ya gari nayo bado ilisema rangi ya maziwa, jambo ambalo bwana harusi wangu alilikumbuka siku trafiki alipomkumbusha. Na ule mkanda mweusi alioupachika puani mwa boneti, wenye kuiga nyuzi za kaboni, niliuhukumu papo hapo. Kaboni ya kweli hutumiwa ili gari liwe jepesi na imara. Picha ya kaboni juu ya bati la Datsun haipunguzi hata uzito wa kuku. Khanga haijifanyi hariri, nayo huenda arusini.

Nilikwisha kusema kwamba kipimo changu ni pindo. Pindo la kazi hii hukunjwa, likaingizwa nyuma ya ukingo wa mlango, likapashwa moto lisitoke. Yeye, kwa haraka ya harusi, mahali pengi alikata pale pale ukingoni. Wembe ulipita katika plastiki ukaingia katika rangi, na katika rangi ukafika kwenye bati. Mstari mwembamba kama unywele, ambao masika ikija huunywea maji. Mtu anayetazama kutoka barabarani hauoni. Mimi niliinama nikauona milango yote minne, na huo ndio upungufu nisioweza kuusamehe, kwa kuwa ni jeraha jipya aliloliongeza yeye juu ya yale aliyoyakuta.

Likabaki buti. Hapo alikuja kuniita mwenyewe, uso umemshuka. “Ba’mdogo, hapa nimeshindwa.” Zile herufi nzito za brashi zilikuwa zimesukuma plastiki juu. Kwa jicho huoni ila vivuli jua likiwa chini. Kwa kiganja unasoma neno zima, M, P, A, mpaka mwisho. Alitaka kubandua, apige msasa pale tu, kidogo, abandike upya. Shemeji alikuwa amesimama mlangoni na beseni la nguo. Akaliweka chini, akaja, akapitisha mkono juu ya buti kutoka kushoto kwenda kulia, akarudi kwenye nguo zake. Kijana hakusema tena habari ya msasa. Mimi nasema hiyo ndiyo sehemu nzuri kuliko zote katika gari lile, nzuri kuliko paa, ingawa fundi yeyote wa stika angeikataa.

Harusi ilikwenda vizuri, alhamdulillahi. Masika ilipokwisha, chini ya mlango wa kulia palikuwa na lengelenge la ukubwa wa embe. Alilitoboa, yakatoka maji ya hudhurungi. Tukashauriana tukaona hakuna njia ila kubandua, kuikwangua kutu na kupaka praima. Alianza na mlango ule, draya mkono mmoja, plastiki mkono wa pili, akivuta polepole kama anavyofundishwa mtu. Ikatoka vizuri nusu nzima. Kisha ikatoka pamoja na kipande cha rangi ya maziwa kama kiganja, na chini yake tukaiona buluu ya zamani, ile ya teksi ilipokuwa inangoja abiria stesheni.

Tukasimama. Ikiwa rangi ya kompresa imetoka hivyo, rangi ya brashi itatokaje? Gundi hiyo haijui kuchagua. Milango ameimaliza yote, ameitibu, na mabavu yanafuata. Buti hatujaligusa. Kwa sasa gari letu lina milango ya maziwa yenye viraka vya praima na mgongo wa kijivu, na likipita Barabara ya 12 watu huuliza kama fundi aliishiwa na fedha.