Lugha ya Kubuniwa na Lugha za Mara: Juu ya Dai la Wepesi

Miongoni mwa madai yasemwayo juu ya lugha, hakuna linalokubaliwa upesi na kuchunguzwa kidogo kama dai la wepesi. Lugha fulani yasemwa kuwa ni nyepesi, nyingine kuwa ni ngumu, na aghalabu msemaji haulizwi: nyepesi kwa nani, na kwa kipimo gani? Lugha za kubuniwa zimejengwa juu ya dai hilo. Mkoa wa Mara wafaa sana kuwa mahali pa kulipima, kwa sababu mbili. Kwanza, huko zimekaa karibu karibu lugha nyingi za Kibantu zenye tabia ambazo mbunifu yeyote angaliziogopa. Pili, Kiesperanto, iliyo mashuhuri kupita lugha zote za kubuniwa, kimepata wanafunzi wake Bunda na Musoma. Wala si habari ya mbali tena, kwani mkutano wake wa dunia, wa 109, ulifanyika Arusha mwezi wa Agosti 2024, nao ulikuwa wa kwanza kufanyika katika Afrika.

Kiesperanto kilitolewa mwaka 1887 mjini Warsaw na L. L. Zamenhof, tabibu wa macho, aliyezaliwa Białystok mwaka 1859. Mjini kwake Warusi, Wapolandi, Wajerumani na Wayahudi walikaa pamoja, kila watu na lugha yao, bila ya lugha moja ambayo wote waliiona kuwa yao. Zamenhof aliamini kwamba uadui wa watu wale ulilishwa na tofauti ya lugha, akataka kuwapa lugha isiyo ya taifa lolote. Sarufi yake aliiandika katika kanuni 16 tu. Jina huishia kwa o, sifa kwa a, na wingi huonyeshwa kwa j. Kila neno husomwa kama lilivyoandikwa, na mkazo hukaa siku zote katika silabi ya mwisho ila moja.

Msomaji wa Kiswahili akizitazama kanuni hizi hataona ajabu kubwa. Kiesperanto kina vokali tano, zile zile a, e, i, o, u. Mkazo wake wakaa pale pale ukaapo mkazo wa Kiswahili. Na maneno yake huundwa kwa kuunganisha vipande ambavyo kila kimoja kina kazi yake. Kutokana na mzizi mmoja hupatikana lerni, kujifunza, na lernejo, shule, na lernanto, mwanafunzi. Ndivyo kama vile katika soma hupatikana somo, msomaji, somesha na someka. Hata ile kanuni ya kugeuza maana iliyosifiwa sana na Waesperanto si ngeni hapa. Kwao fermi ni kufunga na malfermi ni kufungua. Na Mswahili naye ana funga na fungua, kunja na kunjua, ziba na zibua, bila ya kufundishwa na mbunifu. Tofauti iliyopo ni ya mpaka. Kiambishi cha Kiesperanto chaweza kuwekwa mbele ya karibu neno lolote lenye kinyume, hata refu likawa fupi, bali kile cha Kiswahili kina vitenzi vyake kinavyovikubali, na mtu asemaye vinginevyo huchekwa.

Haki yahitaji kukiri kwamba kazi ya Zamenhof haikuwa mchezo. Lugha nyingi zilibuniwa kabla yake na baada yake, zikafa pamoja na wabunifu wao. Hii imeishi zaidi ya karne, ina vitabu vyake, na wapo watoto waliolelewa nayo nyumbani. Lakini uhai huo haukutokana na kanuni 16. Kanuni zile hazisemi neno lipi litangulie lingine katika masimulizi mazuri, wala jinsi ya kumstahi mzee, wala namna ya kufanya mzaha. Mambo hayo yaliongezwa na wasemaji wenyewe mwaka hata mwaka, kila mmoja akichukua kitu kutoka lugha ya mama yake. Basi anayesema kwamba sarufi yote ya Kiesperanto yaenea katika kurasa chache hasemi habari ya lugha ile, bali habari ya mlango wake.

Tena wepesi wa mlango wenyewe una wenyeji wake. Mizizi ya Kiesperanto ilichukuliwa karibu yote katika lugha za Ulaya. Mfaransa au Mjerumani akiona neno kato huanza na nusu ya maana mkononi. Mkuria aliona kama sauti tupu, naye lazima alijifunze kama ajifunzavyo neno la Kichina. Kadhalika makundi ya konsonanti, kama yaliyomo katika neno scii, yaani kujua, si mepesi kwa ulimi uliozoea silabi zinazoishia kwa vokali. Na ile n inayobandikwa mwisho wa jina linalotendwa, ili katika la hundo vidas la katon ijulikane kuwa mbwa ndiye anayemwona paka, ni jambo la Kilatini kuliko la dunia nzima. Wepesi anaoupata mwanafunzi wa Bunda katika Kiesperanto, yaani vokali, mkazo na vipande vya maneno, haukutoka Warsaw. Aliupata katika Kiswahili kabla hajaona kitabu cha Zamenhof.

Hapo ndipo Musoma inapotofautiana na Białystok. Sokoni Musoma hukutana Wakwaya, Wajita, Wazanaki, Wakuria na Wajaluo. Hawa wa mwisho lugha yao si ya Kibantu hata kidogo, bali ni ya jamaa za Kiniloti. Kwa idadi ya lugha, Musoma yaweza kuushinda mji wa Zamenhof. Lakini kiti alichotaka kukijaza yeye kimekwisha kukaliwa. Mkwaya na Mjaluo wakitaka kuuziana samaki husema Kiswahili, wala hakuna kati yao anayekiona kuwa ni lugha ya jirani iliyowekwa juu ya lugha yake. Swali la Mara, basi, si kukosa lugha ya kukutania. Swali lake ni nini kitaonekana na nini kitafichika katika lugha za nyumbani, zikipimwa kwa lugha ile nyepesi ya kukutania.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Kikuria. W. H. Whiteley, aliyeihudumia Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na kuhariri jarida lake, aliandika tasnifu yake ya London, mwaka 1955, juu ya kitenzi cha Kikuria. Uchunguzi wa baadaye, na hasa wa Chacha Mwita, Michael Marlo na Mary Paster katika miaka ya 2014 na 2015, umeeleza jambo la ajabu katika toni za kitenzi hicho. Wakati wa tendo hauonyeshwi kwa viambishi peke yake, bali pia kwa mahali inapoanzia sauti ya juu katika shina. Mahali hapo hupatikana kwa kuhesabu mora, ambapo vokali fupi ni mora moja na vokali ndefu ni mbili. Katika nyakati fulani sauti hupanda katika mora ya kwanza, katika nyingine ya pili. Wakati ujao huipandisha katika ya tatu. Na kusema kwamba tendo li karibu kutendwa huipandisha katika mora ya nne, kisha ikaendelea juu hata karibu na mwisho.

Sasa, shina likiwa fupi itakuwaje? Kitenzi roma, yaani kuuma, kina mora mbili tu. Mtu akisema ya kwamba wako karibu kuuma ndizi, hesabu haikomi mwisho wa kitenzi. Yavuka mpaka wa neno na kuingia katika egetooke, yaani ndizi, na kuihesabu vokali yake ya kwanza kuwa ni ya tatu, na ya pili kuwa ni ya nne. Hapo ndipo sauti inapopanda. Yaani ndizi hubeba habari ya wakati wa kuumwa kwake. Wanaisimu wengi walikuwa wakifundisha kwamba sarufi haihesabu kupita mbili, na kanuni hiyo ilionekana ni ya akili ya binadamu mwenyewe. Mtoto wa Tarime huhesabu hata nne na kuvuka neno kabla hajajua kuandika jina lake.

Kijita nacho kina lake. Laura Downing, aliyechunguza toni zake na kutoa kitabu mwaka 1996, ameonyesha kwamba sauti ya juu iliyo mali ya silabi moja husikika katika silabi inayofuata. Mwenye mali ni mmoja, na mwenye kuonekana nayo ni mwingine. Ama katika Kinata, kisemwacho upande wa mashariki ya Bunda, Joash Gambarage ameichunguza ile vokali itanguliayo ngeli ya jina, ambayo Kiswahili kimekwisha kuitupa. Mnamo 2019 alieleza kwamba vokali hiyo huwekwa pale msemaji anapoamini kuwa kitu kinachotajwa kipo, na huachwa asipoamini hivyo. Zamenhof aliwapa watu wake neno moja, la, kwa kitu kinachojulikana. Kwa kitu kinachosadikiwa kuwapo hakuwaza kutunga kanuni, wala huenda isingalimjia mtu yeyote aliyekaa mezani na kalamu.

Ziko pia vokali. Kijita na Kikwaya zina tano kama Kiswahili, lakini Kizanaki, Kiikizu, Kinata, Kingoreme na Kikuria zina saba. Mtoto wa Butiama anapoingia shule huacha vokali mbili mlangoni, kwani herufi anazopewa ni za vokali tano, tena hazina alama ya toni. Mwandishi wa lugha hizi hana budi kuchagua: ama aongeze herufi, ama amwachie msomaji kukisia. Na mgeni kutoka pwani anayesikiliza Kizanaki husikia vokali tano, kwa sababu ndizo alizonazo sikioni, kisha huandika kwamba Kizanaki kina maneno mengi yafananayo na kuchanganya. Kosa ni la sikio, lakini lawama huiangukia lugha.

Inafaa kusema waziwazi kwamba katika jamaa ya Kibantu kioja si Kikuria. Lugha nyingi za jamaa hii zina toni; Kiswahili sanifu hakina. Nyingi zimehifadhi vokali saba. Kiswahili kina tano. Tena usanifu wenyewe haukuota porini. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kuwa msingi, na Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ikachagua tahajia na maneno, ikakubali haya na kukataa yale. Na kazi yake ndiyo iliyorithiwa na Chuo cha Uchunguzi Dar es Salaam mwaka 1964. Kwa hiyo ukuta unaosemwa kuwa wasimama kati ya lugha ya kubuniwa na lugha ya asili una mlango mpana, na Kiswahili kimeupitia. K. A. Kumi Attobrah wa Ghana aliuona mlango huo alipobuni Kiafrihili mwaka 1970 kwa kuchanganya Kiswahili, Kiakan na lugha nyingine za bara hili, apate lugha moja kwa Afrika nzima. Alichokosa si kanuni nzuri. Alikosa soko la Musoma, yaani watu waliokwisha kuihitaji lugha ile kabla haijaandikwa.

Hukumu ya haki juu ya Kiesperanto, basi, ni kwamba dai lake la wepesi ni la kweli kwa kiasi, na kiasi hicho ni cha watu fulani. Hukumu juu ya lugha za Mara yapasa kuwa nzito zaidi, kwa kuwa hasara yake ni kubwa zaidi. Kuziita ngumu ni kupima kwa kipimo cha lugha isiyo na toni. Kuzisifu kwa ugeni wake peke yake ni kosa lile lile lililovaa nguo nzuri, kwani Mkuria haoni ugeni wowote katika kuhesabu kwake. Julius Nyerere, aliyelelewa Butiama katika Kizanaki na kusoma shule ya Mwisenge mjini Musoma, alitafsiri Julius Caesar ya Shakespeare kwa Kiswahili mwaka 1963. Kukijua Kiswahili kiasi hicho hakukumlazimu kusahau lugha ya vokali saba, wala lugha hiyo haikumzuia.

Linalotakiwa ni dogo nalo lawezekana. Anayekusanya maneno Butiama au Tarime asiandike vokali kabla hajaomba wazee wayatamke maneno mawili mawili yanayokaribiana. Aandike toni hata kama haijui kazi yake. Na kitenzi akisikilize pamoja na neno linalokifuata, asikikate peke yake. Kama Whiteley na waliomfuata wangalikomea mwisho wa kitenzi, ile mora ya nne iliyo ndani ya ndizi isingalijulikana, na kitabu cha sarufi kingalibaki kikisema kwamba binadamu hahesabu kupita mbili.